Namna ya kuchagua mlima wa skii kwa safari ya siku moja, kundi likiwa na wakali na wanaoanza

Kundi likitaka kwenda kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni, kwa siku moja, anayechagua mlima mara nyingi ni yule anayeteleza vizuri kuliko wote. Ndiye anayeyajua majina ya milima, ndiye mwenye hamu kubwa, na wenzake humwachia kwa sababu wao hawajui hata waulize nini. Mwamba ngoma huvutia kwake: atachagua mlima mrefu, wenye miteremko mikali na sifa nyingi. Ikifika saa 6 mchana yeye yuko kileleni anafurahi, aliyeanza leo amekaa ndani anapasha vidole moto, na yule wa katikati amesimama pembeni ya njia iliyomshinda, miguu inatetemeka, hajui atashukaje.

Siku kama hiyo inaweza kuzuiwa kabla hamjatoka nyumbani. Mlima unaofaa kundi lenye uwezo tofauti ni ule unaowaruhusu watu kutengana bila shida na kukutana tena bila shida. Urefu wa kilele, idadi ya njia na umaarufu ni mambo ya kuangalia baadaye sana. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mtiririko huo.

Hatua ya 1: Anza na watu

Andika majina ya wote wanaokwenda, pamoja na wasioteleza kabisa. Kisha zungumza na kila mmoja peke yake. Usimuulize "unajua kuteleza?", maana hapo kila mtu hujibu kwa kadiri ya aibu au majivuno yake. Muulize mambo yanayopimika: mara ya mwisho uliteleza lini, na kwenye njia ya rangi gani (rangi huonyesha ugumu wa njia, tutaziona hatua ya 2)? Umewahi kupanda lifti ya viti, ile ya viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma na kukupandisha mlimani, bila mtu wa kukushika? Ukitaka kusimama ghafla, unafanyaje?

Hilo la kusimama ndilo linalofichua mengi zaidi. Anayesema anasukuma visigino nje hadi skii zifanye umbo la kabari bado ni mtu wa njia rahisi. Anayesema anazigeuza skii zote mbili kwa pamoja na kukata mteremko kwa ubavu anaweza kushuka njia nyingi za kawaida. Asiye na jibu mhesabu kama anayeanza, hata kama amewahi kuvaa skii.

Mwishoni utakuwa na mafungu manne: ambaye hajawahi, anayeshuka kwa kabari, anayeteleza vizuri kwenye njia za kati, na mkali wa kushuka popote. Wengi hudhani wa kumfikiria zaidi ni yule wa kwanza. Mimi naona ni wa pili. Ambaye hajawahi atahudumiwa karibu kila mahali: kuna uwanja mdogo wa mafunzo, kuna mwalimu, na siku nzima itamwishia hapo akiwa ameridhika. Mkali atajitafutia raha yake popote. Lakini yule anayeshuka kwa kabari ameshauchoka uwanja wa mafunzo baada ya nusu saa, na mlima halisi bado unamtisha. Anahitaji njia ya pili: ndefu kiasi, pana, ya upole, inayofikiwa kwa lifti ya kweli. Milima isiyo na njia ya namna hiyo ni mingi, na matangazo yake hayatakwambia. Kwa hiyo, ukiwa na mtu mmoja tu wa fungu la pili, mlima wako utachaguliwa kwa ajili yake.

Ongeza alama mbili kwenye orodha yako: nani anatumia snoubodi (ubao mmoja mpana unaofungwa miguu yote miwili), na nani ana hofu ya kupanda juu. Zote mbili zina uzito tukifika kwenye lifti.

Hatua ya 2: Jua rangi za njia zinasema nini

Marekani na Kanada njia rahisi ina alama ya duara la kijani, ya kati ina mraba wa bluu, ngumu ina almasi nyeusi, na ngumu zaidi ina almasi mbili nyeusi. Ulaya hutumia bluu kwa rahisi, nyekundu kwa kati na nyeusi kwa ngumu. Ufaransa na baadhi ya nchi nyingine huongeza kijani chini ya bluu. Japani hutumia kijani, nyekundu na nyeusi. Mtu aliyezoea bluu ya Austria akienda Marekani akafuata bluu, anaweza kujikuta kwenye mteremko ambao kwao ungewekwa alama nyekundu.

Katika viwango vya Austria na Ujerumani, njia ya bluu haitakiwi kuzidi mwinamo wa asilimia 25, isipokuwa vipande vifupi palipo wazi, na nyekundu haitakiwi kuzidi asilimia 40. Asilimia 25 maana yake unashuka mita 25 kwa kila mita 100 za usawa wa ardhi, yaani karibu digrii 14. Asilimia 40 ni karibu digrii 22. Kwa macho, digrii 14 ukiwa chini unaziona kama kilima tu; ukiwa juu yake na skii miguuni kwa mara ya tatu maishani, ni habari nyingine kabisa.

Amerika ya Kaskazini kuna jambo la kuangalia kwa makini zaidi. Kila mlima hupanga rangi kwa kulinganisha njia zake zenyewe. Kijani cha mlima mkali ni njia iliyo rahisi kuliko nyingine za mlima huohuo, na inaweza kuwa ngumu kuliko bluu ya kilima cha upole. Na kuna milima isiyo na kijani hata kimoja. Aspen Mountain, katika jimbo la Colorado, ni mmojawapo: njia zake zinaanzia bluu kwenda juu. Ni mlima mzuri mno kwa anayeuweza, lakini ukimpeleka mtu wa fungu la kwanza au la pili pale, umemharibia siku kabla hajafunga buti. Jirani yake, Buttermilk, ni wa upole na unafaa sana kujifunzia. Tiketi ni moja, ila ni milima miwili tofauti yenye vituo viwili tofauti. Tutalirudia hilo.

Asilimia ambazo milima hutangaza, kwamba njia rahisi ni robo, za kati ni nusu na kadhalika, zisikuvute. Robo hiyo inaweza kuwa vipande vifupi vya kuunganisha lifti moja na nyingine, au njia nyembamba za pembeni ambazo mtu mwenye hofu hazimpi nafasi ya kugeuka. Ramani ndiyo itakayokuonyesha ukweli.

Hatua ya 3: Soma ramani kwa kidole

Hii ndiyo kazi kubwa, na nakusihi usiikwepe. Fungua ramani ya mlima kwenye skrini kubwa au ichapishe. Fahamu kwanza kwamba ramani hizi ni michoro iliyobuniwa ili pande zote za mlima zionekane kwa pamoja. Mchoraji Mmarekani James Niehues amechora kwa mkono zaidi ya 200, na ustadi wake uko katika kuipinda na kuikunja milima mpaka kila njia ionekane kwenye karatasi moja. Kwa hiyo usipime umbali wala ukali wa mteremko kwa macho ya ramani. Kitafute kimoja tu: nani anaanzia wapi, na anaishia wapi.

Weka kidole kwenye kituo cha chini, pale penye maegesho na duka la kukodi vifaa. Tafuta uwanja wa mafunzo. Je, umetengwa, au njia za wenye kasi zinapita katikati yake? Uwanja uliotengwa kwa uzio au kwa umbo la ardhi ni wa thamani kuliko uwanja mkubwa ulio njia panda. Mtu anayeanza haogopi kuanguka kama anavyoogopa kupitiwa kwa kasi mgongoni.

Sasa tafuta lifti ya kwanza baada ya uwanja huo. Peleka kidole hadi juu yake, kisha kishushe kufuata rangi rahisi peke yake. Nenda taratibu. Kidole kikifika mahali ambapo njia rahisi inaungana na nyekundu au nyeusi, weka alama: hapo watu wenye kasi watakuwa wanaingia kutoka ubavuni. Kikifika mahali ambapo rangi inabadilika ghafla, hata kwa kipande kidogo, mlima huo una mtego, kwa sababu mtu wa kabari hawezi kurudi nyuma kupanda kwa miguu. Kikifika chini salama kwenye kituo kilekile ulichoanzia, umeipata njia ya pili. Ukipata mbili za namna hiyo, mlima huo uweke mbele ya orodha.

Kisha fanya vivyo hivyo kwa mkali. Lifti anayoitaka inaanzia wapi? Ikiwa inaanzia kituo kilekile cha chini, au inafikiwa kwa kupanda lifti moja tu, mtakutana kirahisi. Ikiwa imejificha nyuma ya mlima, inahitaji lifti tatu kwenda na mbili kurudi, basi kila mkutano utamgharimu karibu saa nzima, na baada ya chakula cha mchana hamtamwona tena.

Umbo linalofaa zaidi kwa kundi mchanganyiko ni kama la faneli: juu njia zinatawanyika kwa ugumu tofauti, chini zote zinarudi kwenye mdomo mmoja. Ubaya wake ni kwamba jioni watu wote wanamiminika kwenye mdomo huohuo. Hapo chini hugeuka pa msongamano, theluji imeshakwanguliwa ikabaki barafu, na mtu wa kabari amechoka. Dawa yake ipo kwenye hatua ya 8.

Kuna milima iliyotenga wanaoanza kwenye kilima chao kabisa. Sun Valley, katika jimbo la Idaho, ina Dollar Mountain kwa wanaojifunza na Bald Mountain kwa wengine. Smugglers' Notch, Vermont, ina Morse kwa wanaoanza na milima ya Madonna na Sterling kwa waliokomaa. Kwa likizo ya wiki nzima mpangilio huu ni raha tupu. Kwa siku moja, uliza kwanza watu husafirije kati ya kilima na kilima, maana mkitegemea basi, nusu ya kundi itaona nusu nyingine asubuhi na jioni tu. Ni hali ileile ya Aspen na Buttermilk niliyoitaja.

Wengine wamefanya kinyume, na mimi naupenda sana mpango wao: Beaver Creek, Colorado, wameweka eneo la wanaoanza juu mlimani. Theluji ya juu ni nzuri zaidi, mandhari ni ya kilele, na aliyechoka anashuka kwa lifti.

Maeneo makubwa yaliyounganishwa yana hatari yake. Les 3 Vallées ya Ufaransa ina njia za jumla ya kilomita 600 hivi, zilizoenea kwenye mabonde zaidi ya moja. Mkali atavutwa aende mbali, na akichelewa lifti ya mwisho ya kurudi atabaki bonde jingine, akiwa na safari ndefu ya barabara kuzunguka mlima huku wenzake wanamsubiri kwenye gari. Kwa safari ya siku moja, kundi mchanganyiko halihitaji kilomita 600. Linahitaji njia tano nzuri zilizo jirani.

Hatua ya 4: Angalia lifti kuliko njia

Mtu anayeanza huogopa lifti kuliko mteremko, na ana sababu. Lifti ya viti ya aina ya zamani, ambayo viti vimefungwa moja kwa moja kwenye kamba, huenda kama mita 2.5 kwa sekunde, na kiti hukufikia kwa karibu mwendo huohuo. Unasogea kwenye mstari, unageuza kichwa, kiti kinakugonga nyuma ya magoti, unakaa. Juu unanyoosha ncha za skii, unasimama, unateleza kidogo na kuondoka haraka kabla ya kiti kinachofuata. Mwenye mazoea halioni hilo kama jambo. Mgeni aliyeanguka pale juu mara mbili mbele ya foleni nzima hatataka kupanda tena.

Lifti za kisasa ambazo kiti hujiachia kutoka kwenye kamba kikifika kituoni huenda kama mita 5 kwa sekunde angani, lakini kituoni hupunguza mwendo hadi ule wa mtu anayetembea. Mgeni anapata nafasi ya kukaa na kushuka bila haraka. Kwenye ramani nyingi lifti hizi zina alama yake au zimeandikwa kuwa za kasi. Ukiona njia ya pili inahudumiwa na lifti ya aina hiyo, au na gondola, kijumba kinachoning'inia kwenye kamba ambacho mtu anaingia kwa miguu skii zikiwa mkononi, hesabu hiyo kama faida kubwa.

Lifti za kukokota, zile za kushika fimbo yenye kiti kidogo au umbo la nanga huku skii ziko ardhini, ni ngumu kwa anayeanza na ngumu maradufu kwa wa snoubodi, kwa sababu yeye amesimama kwa ubavu. Mlima ambao njia zake rahisi zote zinafikiwa kwa lifti ya kukokota usimpeleke mgeni wa snoubodi siku yake ya kwanza. Kwa uwanja wa mafunzo wenyewe, tafuta mkanda unaotembea: unasimama juu yake, unapelekwa.

Hata historia ya lifti ya viti ni ya kumhurumia mpandaji: ya kwanza duniani ilifungwa Sun Valley mwaka 1936, na mhandisi wa kampuni ya reli ya Union Pacific, James Curran, alilipata wazo lake kwenye mitambo ya kupakia ndizi melini. Aliondoa ndoano za mikungu akaweka viti.

Usisahau swali moja muhimu: je, lifti hii hushusha watu? Gondola kwa kawaida hushusha. Lifti nyingi za viti hazishushi ila kwa dharura. Mlima wenye gondola inayoshusha unakuruhusu kumpandisha hata asiyeteleza akaone kilele, na unampa aliyechoka mlango wa kutokea. Kwa mtu mwenye hofu, kujua kwamba mlango huo upo kunamtuliza kabla hata hajauhitaji.

Jambo jingine ni upepo. Lifti zilizo wazi juu ya mstari wa miti ndizo zinazofungwa kwanza upepo ukivuma. Mlima wenye lifti kadhaa za chini, ndani ya msitu, utaendelea kuwapa cha kufanya. Msituni pia kuna faida siku ya ukungu: miti hulipatia jicho kitu cha kushika, wakati kwenye uwazi mweupe mtu hatofautishi mteremko na anga.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya saa

Chukua mfano. Mlima mkubwa uko mwendo wa saa tatu kwa gari, mlima mdogo uko saa moja na nusu. Lifti nyingi hufunguliwa kati ya saa 2:30 na saa 3 asubuhi na kufungwa karibu saa 10 jioni. Mkitaka kuwa mnateleza saa 3:30 kwenye mlima wa mbali, lazima mtoke kabla ya saa 11 alfajiri, kwa sababu barabara ya theluji huongeza muda, na kuegesha, kuvaa na kuchukua vifaa hula saa nzima. Anayeanza huwa amekwisha nguvu ikifika saa 8 mchana. Ametumia saa sita barabarani kwa saa nne na nusu za theluji, na ndani ya hizo kuna chakula na mapumziko.

Kwa hiyo nina kanuni: kama kundi lina watu wa mafungu mawili ya kwanza, mwendo wa kwenda usizidi saa mbili. Ukizidi hapo, uwe na sababu nzito. Kilima chenye mita 200 tu za kushuka, ambacho wote wanapanda lifti moja na kuonana kila dakika kumi, kinawafaa kuliko jitu la mita 1,200. Mkali akinung'unika, mkumbushe kwamba hii ni siku ya kundi. Siku yake ataipanga na wakali wenzake.

Angalia pia saa za masomo. Somo la kikundi la asubuhi mara nyingi huanza karibu saa 4. Mkifika mlimani saa 4 kasoro robo mmelikosa, na mpango wote umeharibika.

Hatua ya 6: Hali ya hewa na theluji

Wengi huangalia sentimita za theluji mpya. Zitamfurahisha mkali, lakini theluji nzito isiyosawazishwa inamchosha na kumwangusha anayeanza. Kwenye taarifa ya asubuhi soma vitu viwili: lifti zipi ziko wazi, na njia zipi zimesawazishwa na mitambo usiku. Njia ya pili uliyoitafuta kwa kidole iwe imo kwenye orodha zote mbili.

Mwanzo wa msimu kuwa mwangalifu zaidi. Mlima unaweza kutangaza umefunguliwa huku kilicho wazi ni ukanda mmoja wa theluji ya mashine kutoka juu hadi chini, na wote, wakali kwa wageni, wamebanwa humo. Hiyo si siku ya kupeleka kundi mchanganyiko.

Joto hupungua kwa takriban digrii 6 za Selsiasi kila mita 1,000 unazopanda. Maana yake kwenye mlima mrefu inaweza kunyesha theluji juu na mvua chini, na uwanja wa mafunzo kwa kawaida uko chini. Utabiri wa kileleni haumhusu anayeanza. Tafuta ule wa kituo cha chini.

Katika nusu ya kaskazini ya dunia, miteremko inayotazama kaskazini hukaa na baridi na theluji yake hudumu, ile ya kusini hupata jua. Kwenye milima ya Chile, New Zealand au Lesotho, ambako msimu ni katikati ya mwaka, ni kinyume chake. Majira ya kuchipua jua hili lina uamuzi: usiku theluji huganda, asubuhi ni ngumu kama sakafu, karibu saa 5 hulainika, alasiri huwa rojorojo linalovuta magoti. Kipindi hicho mtu wa kabari aanze saa 4 na nusu, asianze mapema, na amalize kabla ya saa 8.

Mwinuko nao una kauli yake. Breckenridge, Colorado, kituo chake kiko zaidi ya mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, na lifti yake ya juu kabisa hufika zaidi ya mita 3,900. Aliyetoka tambarare asubuhi hiyo anaweza kuumwa kichwa, kukosa pumzi na kichefuchefu, dalili ambazo huanza kuwapata watu kuanzia kama mita 2,500. Kwa safari ya siku moja hakuna muda wa mwili kuzoea. Ukiwa na watoto, wazee au mtu mwenye shida ya moyo au mapafu, chagua mlima wa chini.

Hatua ya 7: Tiketi, vifaa na mwalimu

Milima mingi ina tiketi ya bei nafuu inayofungua lifti za wanaoanza tu, na mingine huunganisha tiketi hiyo, vifaa na somo kwa bei moja. Usimnunulie anayeanza tiketi ya mlima mzima. Mtu wa kabari mnunulie baada ya kuhakikisha kama lifti ya njia ya pili imo kwenye tiketi ndogo au haimo. Asiyeteleza anaweza kuhitaji tiketi ya gondola ya watembea kwa miguu. Nunua mtandaoni mapema. Sehemu nyingi bei ya dirishani siku hiyohiyo ni kubwa zaidi.

Wenye snoubodi: Marekani kuna milima mitatu isiyoziruhusu kabisa, nayo ni Alta na Deer Valley kule Utah, na Mad River Glen kule Vermont. Mmoja wenu akiwa na snoubodi, ifute milima hiyo kwenye orodha.

Vifaa vya kukodi vijazieni fomu nyumbani. Kila mtu atoe urefu, uzito, saizi ya kiatu na kiwango chake, na atoe ukweli. Fundi hutumia takwimu hizo kukaza vifungo vinavyoachia buti unapoanguka. Aliyepunguza uzito wake kwa aibu atavuliwa skii ovyo katikati ya njia. Aliyejikweza kiwango atafungwa kwa nguvu kuliko inavyomfaa, skii isiachie pale goti linapohitaji iachie.

Na mlipeni mwalimu. Mkali anayemfundisha mwenzi wake hukosa siku yake na mara nyingi humpa mwenzake maelekezo matano kwa wakati mmoja. Somo la mwalimu asubuhi linawaachia nyote mchana mzuri.

Hatua ya 8: Pangeni siku kabla ya kufika

Asubuhi tenganeni bila kuoneana haya: wa kwanza somoni, wa pili kwenye njia yake na mtu mmoja wa kumsindikiza, wakali juu. Msindikizaji abadilishwe kila saa ili asiwe mtu mmoja anayejinyima.

Wekeni mahali pa kukutania penye jina au namba, kwa mfano chini ya lifti fulani, na saa kamili. Msitegemee simu, baridi humaliza betri, na mabonde hayana mtandao. Kuleni saa 5 na nusu, kabla ukumbi haujafurika.

Baada ya chakula shukeni wote pamoja njia moja rahisi. Wakali wakae nyuma, kwa sababu kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Skii na Snoubodi, zilizoanza kutolewa mwaka 1967, zinamtaka anayetoka juu achague njia isiyomhatarisha aliye mbele yake. Nyuma ndiko wanakoweza kumlinda mgeni. Mfundisheni pia kusimama pembeni, asisimame kwenye kona au chini ya kilima ambako hataonekana.

Ikifika saa 9, wa mafungu mawili ya kwanza washuke kwa lifti au wawe wamemaliza. Ndiyo dawa ya ule msongamano wa jioni. Miguu iliyochoka haigeuki, na barafu ya jioni haisamehi.

Hatua ya 9: Amueni, na muwe na mlima wa akiba

Ukibaki na milima miwili, pigia simu yote miwili, uulize ofisi ya masomo maswali haya: anayeshuka kwa kabari mnampeleka njia gani baada ya uwanja wa mafunzo? Lifti yake ni ya aina gani? Jumamosi mchana njia hiyo huwa na watu kiasi gani? Wanaoijua kazi yao watakutajia jina la njia papo hapo. Wakijibu kwa jumla kwamba "kuna njia za kila mtu", chagua mlima mwingine.

Usiku wa kuamkia safari weka kengele nusu saa kabla ya muda wa kutoka, ufungue taarifa ya mlima. Lifti ya njia ya pili ikiwa imefungwa kwa upepo au ukosefu wa theluji, geuzeni safari muelekee mlima wa akiba hapohapo, kabla gari halijawashwa, hata kama kileleni kumeanguka theluji ambayo mkali ameiota mwezi mzima.